MM1: dawa ya sida iliyotangazwa Kinshasa kabla ya kupimwa

Mwishoni mwa mwaka wa 1987, waganga wawili waliketi mbele ya wanahabari Kinshasa wakatangaza kwamba wamepata dawa ya sida. Mmoja alikuwa profesa Lurhuma Zirimwabagabo wa Kinshasa, mwingine Ahmed Shafik kutoka Cairo. Dawa waliiita MM1. Zile M mbili hazikutoka katika kemia: zilikuwa za Mobutu na Mubarak, marais wa inchi zao.

Wazee waliokuwa vijana wakati ule wanajua furaha ilivyokuwa, na haifai kuwacheka. Wagonjwa wa kwanza walikuwa wametambuliwa katika hospitali ya Mama Yemo mwaka wa 1983, na toka 1984 kulikuwa na Projet SIDA, ambamo waganga wa Zaïre walichunguza ugonjwa huo pamoja na Wabelgiji na Wamarekani. Marekani ilikuwa imekubali dawa ya AZT mwezi wa tatu mwaka huo huo wa 1987, lakini bei yake ilikaribia dola 10.000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Haikuponyesha, na hata hivyo ni familia gani ya Kinshasa au Bukavu ingeinunua? Basi ikatokea habari ya dawa ya hapa nyumbani, iliyofanywa na Mwafrika pamoja na Mwafrika mwenzake. Kila mtu alitaka iwe kweli.

Lakini habari ile ilikosa mambo ambayo mwanahabari yeyote angepaswa kuyauliza kwanza. Ni wagonjwa wangapi waliopewa dawa? Walikuwa wachache. Walifuatiliwa kwa muda gani? Mfupi. Walilinganishwa na nani? Swali hili la mwisho ndilo zito, na ndilo linalosahauliwa mara nyingi. Mgonjwa wa sida akilazwa, akatibiwa kuhara, akapewa chakula kizuri na kutunzwa, anaweza kuongeza kilo na homa ikashuka, hata kama kidonge anachomeza ni unga wa muhogo tu. Ndiyo sababu watafiti huweka makundi mawili ya wagonjwa wanaotunzwa sawasawa, na tofauti iwe ile dawa peke yake. Bila kundi la pili, mtu anaona nafuu lakini hajui imetoka wapi. Tena, waganga wengine hawakupewa siri ya mchanganyiko ili nao waujaribu.

Na jina lenyewe lilikuwa ukuta. Katika inchi ya chama kimoja, ambako redio na televisheni vilikuwa vya serikali, nani angesimama kuuliza kama dawa yenye jina la Mobutu inafanya kazi? Maswali yalibaki kwa radio trottoir, na huko yalichanganyika na bongo.

Haikuwa aibu ya Kiafrika tu. Miaka miwili mbele, mwezi wa kumi 1985, waganga wa hospitali ya Laennec kule Paris waliita wanahabari kutangaza matumaini makubwa juu ya dawa ya siklosporini. Wagonjwa wao walikuwa wachache sana na walikuwa wametibiwa karibu juma moja tu. Siku chache baadaye ikajulikana kwamba kulikuwa na waliokufa. Halafu mwaka wa 1990 ikaja Kemron ya Kenya, iliyotangazwa na rais Moi mwenyewe. Uganda ikaijaribu kwa zaidi ya wagonjwa 500, nusu wakipewa dawa na nusu kidonge kitupu, bila mgonjwa wala muganga kujua nani kapata nini. Hapakuwa na tofauti.

MM1 yenyewe haikuthibitishwa na jaribio lolote la namna hiyo. Ilififia tu. Kutangazwa kwake kulikuwa na wanahabari, kamera na viongozi. Kufifia kwake hakukuitiwa mtu. Na aliyesikia redio mwaka ule akaamini sida imepata dawa, nani alirudi kumwambia asiache kujikinga? Dawa zinazozuia virusi kweli kweli, zile za mchanganyiko wa tatu, zilijulikana mwaka wa 1996, na zilichukua miaka mingine mingi kufika kwa raia wa Kongo.

Watu wa Beni na Butembo wana kisa chao cha karibu zaidi. Mwezi wa nane 2019, redio za dunia nzima zilisema Ebola sasa inapona. Safari hii kulikuwa na jaribio la kweli: wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, dawa nne, na kila mgonjwa akipangiwa dawa kwa bahati nasibu. Hesabu kamili zilipotoka mwezi wa kumi na moja, dawa mbili zilikuwa zimeshinda. Lakini soma namba zenyewe. Kwa wagonjwa 100 waliopewa mAb114, 35 walikufa; kwa REGN-EB3, karibu 34. Waliofika wakiwa na virusi kidogo mwilini, walikufa kama 10 au 11 kwa 100. Waliofika virusi vimejaa, zaidi ya 60 kwa 100 walikufa, ingawa walipewa dawa hizo hizo.

Kwa hiyo maneno «Ebola inapona» yalikuwa nusu ya habari. Nusu nyingine ilikuwa: wahi kituo cha matibabu. Mama aliyesikia nusu ya kwanza peke yake angeweza kumweka mtoto nyumbani siku nne, akitumaini kwamba dawa ipo tu itamngoja. Kwa familia iliyokimbia vita, ambayo habari za afya inazipata kwa sauti ya WhatsApp iliyokwisha kupita simu kumi, nusu hiyo ya pili ndiyo hupotea kwanza.

Hiyo mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola kule Kikwit mwaka wa 1995, kazi iliyofuatiliwa na profesa Muyembe na wenzake wa ng'ambo. Damu ilichukuliwa mwaka wa 2006. Marekani iliikubali kama dawa mwezi wa kumi na mbili 2020, miaka 25 baada ya Kikwit.