Lubugo, Mkeka na Doti: Zawadi za Urafiki katika Nchi ya Wahaya

Mkeka wa ukindu hauna fundi mmoja. Katika visiwa vya Unguja na Pemba, kina mama hukaa barazani, kila mmoja akasuka ukili wake. Kisha ukanda hushonwa kwa ukanda hata ukawa mkeka mmoja, na hapana awezaye kusema upande huu ni wangu. Mbali na mwambao, magharibi ya Ziwa Viktoria, Wahaya wa Bukoba na Muleba nao walijenga urafiki kwa kazi ya mikono. Historia ya zawadi zao inagusana na historia ya visiwa vyetu kuliko tunavyodhani.

Wahaya wa kale hawakuwa wafumaji wa pamba. Nguo zao zilikuwa za ngozi, za majani, na lubugo, nguo itokanayo na gome la mti uitwao mutuba kwa majirani zao Waganda. Gome hubanduliwa likiwa bichi, likakwanguliwa, likalowekwa, kisha likapondwa kwa nyundo za mti zenye michirizi mpaka likatanuka na kulainika. Mti wenyewe hauuawi: shina hufunikwa majani ya mgomba, nao huota gome jipya. Kuponda lubugo ilikuwa kazi ya wanaume. Wanawake kwa upande wao walisuka mikeka na vikapu kwa nyasi na mafunjo, na nyasi hizohizo ndizo zilizotandazwa sakafuni mwa nyumba za msonge ili mgeni apate pa kukaa.

Na mgeni akishakaa, huletewa kahawa, si ya kunywa bali ya kutafuna, imo ndani ya kikapu kidogo. Ndani ya tunda la kahawa mna punje mbili zilizolaliana. Wawili walipotaka kuwa ndugu wasio wa tumbo moja, walichanja ngozi, kila mmoja akapaka damu yake punje moja, mwenziwe akaimeza. Urafiki huo haukuvunjika kwa ugomvi wala kwa kifo. Mtoto wa rafiki alikuwa mtoto wako. Katika ada hii zawadi haikuwa malipo. Ilikuwa sehemu ya mtu, amempa mwenziwe aibebe.

Karne ya 19 ilileta zawadi ya aina nyingine. Wafanyabiashara wa mwambao walifika Karagwe, wakaweka kituo Kafuro. Mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, alikwisha kufika Buganda mwaka 1844. Mizigo yao ilikuwa shanga, nyaya na nguo: kaniki, na merikani iliyokuja Unguja kwa majahazi ya Wamarekani. Mzungu John Hanning Speke alipofika kwa Mkama Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, naye alitoa nguo na shanga, akapokewa kwa ukarimu mkubwa. Doti ya nguo iliyopita mikononi mwa wapagazi kutoka pwani ikawa lugha ya salamu. Lakini lugha hiyohiyo ilikuwa pia lugha ya hongo, na tofauti kati ya zawadi na hongo haimo katika kitambaa.

Tofauti hiyo ilionekana wazi Bumbire, kisiwa kilicho leo katika Wilaya ya Muleba. Mwezi wa Aprili 1875 Henry Morton Stanley alitia nanga huko akitafuta chakula, na mabaharia wake walikuwa watu wa Unguja. Wenyeji waliiburura mashua hadi nchi kavu. Wakajadiliana, nguo na shanga zikatolewa kuwa bei ya amani, zikapokelewa. Hata hivyo makasia yalichukuliwa, na siku ikaisha kwa risasi. Stanley alijinasua, wenziwe wakipiga mbao za mashua badala ya makasia. Mwezi wa Agosti alirudi na mitumbwi mingi na bunduki, akawapiga watu waliosimama ufukweni, naye akabaki majini wasipoweza kumfikia. Habari alizoziandika mwenyewe zilipofika Uingereza, wengi walimlaani.

Nguo zilezile zilizomfungulia Speke mlango wa Rumanyika hazikununua amani Bumbire. Wenyeji hawakuwajua wageni hao, wala hawakula nao kahawa. Kitambaa kilitangulia, urafiki haukuwapo nyuma yake. Na katika mashua ile waliokuwa wakivuta na kuhofia roho zao walikuwa vijana wa visiwa vyetu, ambao wenyeji wa Bumbire hawakuwa na ugomvi nao wowote wa asili.

Mwaka 1890 Wajerumani, wakiongozwa na Emin Pasha, waliweka kituo Bukoba. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, nguo za viwandani ziliingia ziwani kwa wingi, na kahawa, iliyokuwa kiungo cha udugu, ikawa zao la kuuza. Lubugo likapungua mabegani, likabaki zaidi katika mazishi na katika kumbukumbu za wazee. Upande wa Uganda, UNESCO ililitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Upande wa Kagera halikupata tangazo la namna hiyo, ingawa asili yake ni moja na mti wake haujui mpaka.

Kilichosalia hai ni kusuka. Mkeka wa Bukoba na mkeka wa Pemba hufanana kwa jambo moja: haupimwi kwa bei ya ukindu au nyasi, bali kwa mchana mzima wa watu kukaa pamoja, mazungumzo yakipita kati ya vidole. Hongo hutolewa na mwenye haraka, apite. Mkeka hutolewa na aliyekwisha kukaa kitako. Wahaya huuanza urafiki hapo, kwa kumwambia mgeni akae, kabla hata kikapu cha kahawa hakijaletwa.