Bagamoyo: Pwani Walipotua Mizigo



Wengi wetu huenda Bagamoyo kwa mambo mawili: kuizuru Misheni na kula samaki. Hatuoni haya kukiri kwamba safari hii tulianza na samaki. Soko liko ufukweni, karibu na jengo la forodha la enzi za Wajerumani, na vyombo vinaporudi kutoka baharini wachuuzi huingia majini hadi magotini kuwapokea wavuvi. Samaki hupangwa kwa mafungu: changu, kolekole, vibua, taa, na pweza ambaye bado anajinyonganyonga. Dalali hupaza sauti, bei hupanda, na fungu huondoka na aliyetaja fedha nyingi zaidi. Hatua chache kutoka hapo mafuta yanachemka katika makarai makubwa, na mnunuzi akitaka hukaangiwa papo hapo.

Tulipokuwa tukila, mmoja wetu aliuliza maana ya jina la mji huu. Jibu lilikuja upesi, lile la siku zote: mateka waliofikishwa hapa kungoja majahazi ya Unguja walijua kwamba kwao hawatarudi tena, wakabwaga mioyo. Maelezo hayo yana uchungu wa kweli, kwa kuwa watumwa walipita hapa. Yako hata hivyo maelezo mengine, ambayo wageni hawasimuliwi sana. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea miezi kadhaa kutoka bara wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Kwao pwani ilikuwa mwisho wa njia; ndipo walipotua mizigo, wakalipwa, wakapumzika. Sisi hatuoni sababu ya kuchagua moja na kulitupa jingine. Njia ilikuwa moja, na huenda mtu mmoja alifika ameinama kwa uzito wa pembe huku aliye mbele yake akiwa amefungwa mnyororo.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wamefika Unguja mwaka 1863, walivuka mwaka 1868 chini ya Padre Antoine Horner na kuanzisha Misheni hii. Waliwakomboa watumwa, watoto wengi wakiwemo, mara nyingi kwa kuwanunua, wakaanzisha kijiji cha watu huru. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha majengo, kazi ikaanza upya. Tumezoea kusema kwamba mapadre walijenga. Ni kweli, lakini mashamba yale yalilimwa pia kwa mikono ya waliokombolewa, na majina yao ni wachache miongoni mwetu wanaoweza kuyataja.

Mnara wa kanisa la zamani huwavuta wageni kwa sababu ya David Livingstone, mmisionari wa Kiprotestanti kutoka Uskoti. Alifariki mwezi Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuzika moyo wake huko chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo. (Katika mji huu wa kubwaga moyo, basi, moyo wake haukufika.) Tarehe 24 Februari 1874 mapadre Wakatoliki walimpokea marehemu Mprotestanti katika kanisa lao, jambo ambalo katika karne ile halikuwa dogo.

Mwili ulivushwa Unguja, na tarehe 18 Aprili ukazikwa Westminster Abbey, London. Miongoni mwa wabebaji wale, Jacob Wainwright peke yake alisafiri nao na kushiriki mazishi. Susi na Chuma walilipwa ujira wao, wakaachwa. Walifika Uingereza baadaye mwaka huohuo, kaburi likiwa limekwisha kufunikwa. Miezi ile yote njiani, wakikutana na magonjwa na vijiji vilivyoogopa kupokea maiti, hawakuutua mzigo ule mpaka walipoufikisha kwa wenyewe.

Tulipanda gari saa kumi alasiri, samaki wetu wakiwa kwenye barafu. Aliyewabeba kutoka ufukweni hadi garini ni kijana mmoja, tenga kichwani, maji ya chumvi yakimchuruzika shingoni. Tulimlipa, tukamshukuru, tukaondoka. Tulikuwa tumekwisha kufika mbali tulipokumbuka kwamba jina lake hatukumwuliza.