Mbwa Mwitu wa Mkomazi na Elimu Iliyotoka Kinyesini

Mashariki ya Milima ya Upare, msafiri aiachapo Same na kuupita mlango wa Zange, huanza nyika ya Mkomazi, iliyo kavu kwa kuwa milima hiyo na ile ya Usambara huizuilia mvua, nayo huendelea hata mpakani mwa Kenya, inakopakana na Tsavo. Serikali ya kikoloni iliitenga kuwa pori la akiba mwaka 1951. Mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakilisha humo wakaondolewa, jambo lililozaa madai mazito yaliyofika mahakamani. Na mwaka 2008 ikawa hifadhi ya taifa. Katika historia hii ya mipaka na amri imo habari isiyotajwa sana, nayo ni ya mbwa mwitu, na ya jinsi wataalamu walivyojifunza kuijua hali ya uzazi wake pasipo kumgusa.

Zama za utawala wa Waingereza mnyama huyu hakuwa na mtetezi. Mfugaji alimchukia kwa ajili ya mbuzi wake, na idara ya wanyama, iliyowawekea tembo na kifaru sheria za uwindaji, ilimhesabu yeye katika waharibifu, wa kuuawa popote aonekanapo. Hata fikra zilipogeuka na watu wakataka kumhifadhi, ilidhihirika kuwa kuhesabu vichwa hakutoshi. Kwani katika kundi la mbwa mwitu, aghalabu dume mmoja na jike mmoja, wakubwa wa kundi, ndio wazaao, na waliosalia huwinda, hulinda pango, na kuwatapikia nyama watoto wasio wao. Basi kundi la mbwa ishirini laweza kuwa na mama mmoja tu, na akifa huyo, hesabu kubwa haina maana.

Lakini nani azaaye, na kwa nini wengine hawazai? Jawabu limo katika homoni, na kwa muda mrefu homoni zilitafutwa katika damu, na damu haipatikani ila kwa kumpiga mnyama sindano ya usingizi. Mnamo mwaka 1991 makundi yaliyokuwa yakichunguzwa katika nyanda za Serengeti yalitoweka. Mtaalamu Roger Burrows akashikilia kuwa kule kushikwashikwa na kufungwa kola za redio kuliwatia mbwa dhiki iliyoamsha kichaa cha mbwa, na wenzake wengi wakampinga vikali. Mabishano hayo yaliwafanya watu watamani sana njia isiyomsumbua mnyama.

Njia hiyo ilikuwa imekwisha kutayarishwa. Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa Marekani walibuni, katika miaka ya mwisho ya 1950, namna ya kupima kiasi kidogo mno cha homoni, kazi iliyompatia Yalow Tuzo ya Nobel mwaka 1977, baada ya mwenzake kufariki. Ikajulikana kadhalika kwamba homoni za uzazi, estrojeni na projesteroni, zikiisha kazi mwilini, huvunjwa na ini, hupita pamoja na nyongo matumboni, na mabaki yake hutoka na kinyesi. Samuel Wasser, aliyewachunguza nyani wa Mikumi, alikuwa miongoni mwa waliothibitisha jambo hilo mwaka 1988. Kilichohitajika porini ni subira ya kumfuata mnyama kwa mbali, kumtambua kwa mabaka yake, kisha kuokota alichoacha na kukihifadhi kisiharibike hata kifike maabara.

Kwa mbwa mwitu kazi kubwa ilifanyika katika pori la Selous, walikofanya utafiti Scott Creel na Nancy Creel katika miaka ya 1990, wakishirikiana na Steven Monfort aliyepima vinyesi Marekani. Walikuta majike wa chini wana estrojeni pungufu kuliko jike mkubwa. Lakini lililowashangaza wengi, walipolitangaza mwaka 1996, ni kwamba homoni za dhiki zilikuwa nyingi kwa wakubwa, wala si kwa wanyonge kama ilivyodhaniwa. Kumbe ukubwa ndio wenye taabu. Aidha, vinyesi vya waliofungwa kola havikuonyesha dhiki ya kudumu, hata ule ubishi wa Serengeti ukapata ushahidi dhidi ya dai la Burrows.

Wakati huo huo Mkomazi kulikuwa na jaribio jingine. Mhifadhi Tony Fitzjohn, aliyefika huko mwaka 1989, alianza mwaka 1995 kuwafuga mbwa mwitu waliotolewa wachanga katika nyika ya Wamaasai, kwa nia ya kuwarudisha porini. Mwezi wa Desemba 2000 yakaingia maradhi ya distempa, ingawa mbwa walikuwa wamechanjwa, na katika miezi miwili wakafa 49 kati ya 52. Kazi ikaanzwa tena, na baadaye mbwa wakafunguliwa nyikani.

Msiba huo wakumbusha kwamba wingi peke yake si kinga, na utafiti wa Selous waonyesha kwamba uzazi wa jamii hii umo kwa wachache. Kwa hiyo anayewalinda Mkomazi leo ana wajibu wa kujua, mwaka kwa mwaka, ni jike gani ana mimba na ni yupi hana. Na maarifa hayo, ambayo sehemu kubwa yake ilipatikana katika ardhi ya Tanzania, yastahili kufundishwa vijana wa Same na Upare, ili wayatumie wao wenyewe katika nyika iliyo jirani yao.