Unix Moja, Wauzaji Lukuki

Mwaka 1992, Mmarekani aliyekuwa na kompyuta yenye kichakataji cha Intel 386 na hamu ya kutumia Unix hakukosa pa kuinunua. Kazi ilikuwa kuchagua. SCO iliuza Unix yake kutoka Santa Cruz, California. Interactive nayo ilikuwa na yake. Dell, ambayo leo watu wanaijua kwa kompyuta za mapajani, ilikuwa na Unix yenye jina la Dell iliyotayarishwa Austin, Texas. Everex iliuza Esix, UHC ya Houston ikauza toleo lake, Consensys ya Kanada ikaja na bei ya kutupa, na kabla mwaka haujaisha Univel ikaleta UnixWare. Mnunuzi alifungua jarida la kompyuta akakuta kila tangazo linaahidi mambo yale yale, karibu kwa maneno yale yale.

Wauzaji hao hawakuwa wakidanganya. Karibu wote walikuwa wakiuza unga wa kinu kimoja katika mifuko tofauti, na mwenye kinu alikuwa AT&T, kampuni kubwa ya simu ya Marekani.

Unix ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, kule Murray Hill, New Jersey, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Wakati huo AT&T ilikuwa imefungwa mikono na makubaliano ya mwaka 1956 kati yake na serikali, yaliyoizuia kufanya biashara nje ya shughuli za simu. Kwa hiyo Unix haikupelekwa sokoni kama bidhaa. Vyuo vikuu vilipewa pamoja na msimbo wake kwa ada ndogo, na wanafunzi wakakua nayo. Mkono ulifunguliwa tarehe 1 Januari 1984, AT&T ilipovunjwa vipande na kuruhusiwa kuuza itakacho. Toleo lililoitwa System V, lililotangazwa mwaka 1983, ndilo likawa mali ya biashara. Lakini AT&T ilijua kuuza leseni kwa kampuni nyingine kuliko ilivyojua kumuuzia mwenye duka. Kazi ya kuifanya Unix iwake kwenye mashine ya mtu wa kawaida iliachwa kwa wengine.

Wa mapema kuiona fursa hiyo, hata kabla ya mwaka 1984, alikuwa Microsoft. Ndiyo, Microsoft. Ilinunua leseni kwa AT&T, na mwaka 1980 ikatangaza Xenix. Jina hilo lilibuniwa kwa sababu leseni haikuruhusu kutumia jina la Unix. Microsoft haikuhangaika na mnunuzi wa mwisho; iliwakodishia wengine. Tandy iliiweka kwenye kompyuta zake za TRS-80 Model 16. Kampuni ndogo iliyoanzishwa mwaka 1979 na Larry Michels na mwanawe Doug, Santa Cruz Operation, au SCO kwa ufupi, ikaileta Xenix kwenye IBM PC XT mwaka 1983. Mwaka uliofuata Interactive ikatoa PC/IX kwa mashine hiyo hiyo.

XT haikuwa mashine ya kujivunia. Diski yake ilikuwa ya megabaiti 10, na kichakataji chake, 8088, hakikuwa na ulinzi wa kumbukumbu: programu mbovu ya mtumiaji mmoja iliweza kuwaangusha wote waliokuwa kazini. Hata hivyo Xenix iliuzika, na walioinunua hawakuwa maprofesa. Walikuwa wenye maduka ya dawa, wauza vipuri vya magari, kliniki za madaktari, ofisi za wahasibu. PC moja iliwekwa chumba cha nyuma. Kutoka kwake zilitambaa nyaya hadi kwenye terminali, vioo vya bei nafuu vyenye kibodi na visivyo na akili yao wenyewe, kimoja kaunta, kingine stoo, kingine kwa karani wa malipo. Wote walifanya kazi kwa pamoja kwenye faili zile zile. Kabla ya hapo kazi kama hiyo ilihitaji kompyuta kubwa ambayo bei yake ilimshinda mwenye duka. DOS nayo haikuweza kuifanya, kwa kuwa ilimhudumia mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ukitaka kuelewa kwa nini SCO ilidumu wakati wengine wamezikwa, anzia kwenye kaunta ile ya duka la dawa.

Mambo yalibadilika Intel ilipotoa 386 mwaka 1985. Hapo ndipo PC ilipopata kichakataji cha biti 32 chenye kulinda kumbukumbu na kuigawa ipasavyo, mambo ambayo Unix ilikuwa ikiyategemea kwenye mashine kubwa tangu zamani. Interactive ilishirikiana na AT&T na Intel kuihamishia System V Release 3 kwenye chipu hiyo. SCO ikatoa Xenix ya 386 mwaka 1987. Kisha AT&T na Microsoft zikakubaliana kuziunganisha nasaba mbili, na Release 3.2 ikatoka ikiwa na uwezo wa kuendesha programu za Xenix. Makubaliano hayo yalikuwa na mkia mrefu. Kwa kuwa ndani yake mlikuwa na msimbo wa Xenix, Microsoft iliendelea kulipwa ada kutokana na Unix za PC, na SCO ikajikuta imebanwa kuubeba msimbo wa kale hata pale ilipouona hauna faida. Ililalamika kwa Tume ya Ulaya, na mwaka 1997 Microsoft ikakubali kuilegezea kamba.

Release 4 ndiyo iliyozaa msururu wa majina tuliyoanza nayo. AT&T, ikishirikiana na kampuni ya Sun, ilichanganya matawi manne: System V yenyewe, BSD ya Chuo Kikuu cha Berkeley, SunOS na Xenix. Washindani wao, IBM, Digital na Hewlett-Packard wakiwemo, waliogopa kumezwa na urafiki huo, wakaunda Open Software Foundation mwezi Mei 1988. Wachambuzi waliuita ugomvi huo vita vya Unix, na vilikula fedha na muda mwingi huku mnunuzi akisubiri. Ila mchanganyiko wenyewe ulikuwa mtamu. Mfumo wa kuhifadhi faili wa zamani uliruhusu jina lisilozidi herufi 14. Ule uliotoka Berkeley uliondoa kero hiyo. Muundo mpya wa faili za programu, ELF, ulikuwa bora kiasi kwamba Linux inautumia hadi leo.

Basi Dell, Esix, UHC, Consensys na wenzao walikwenda kwa AT&T, wakachukua Release 4, wakaifungasha. SCO haikwenda. Ilibaki na Release 3.2, ikiitia viraka na kuipamba.

Hapo ndipo ulinganishaji unaponoga, maana kama kiini ni kile kile, mnunuzi alikuwa analinganisha nini? Swali hili lilimshughulisha Eric S. Raymond, mwandishi wa programu ambaye baadaye angepata jina kwa insha yake ya mwaka 1997 kuhusu chanzo huria. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliandaa mwongozo wa wanunuzi wa Unix za PC, akausambaza bure na kuuhuisha mara kwa mara. Ndani yake wauzaji wanawekwa bega kwa bega: bei, vilivyomo, vifaa vinavyokubalika, kasoro zinazojulikana. Ni kazi ya mtu aliyechoshwa na matangazo.

Jibu la kwanza lilikuwa viendeshi, vile vipande vya programu vinavyouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa. PC haikuwa mashine moja; ilikuwa mkusanyiko wa kadi kutoka kwa watengenezaji mia wasiojuana. Kadi ya diski ya huyu, kadi ya mtandao ya yule, kadi ya kuunganishia terminali kumi na sita ya mwingine. Mfumo ambao haukuijua kadi yako ulikuwa rundo la disketi tu. Hapa SCO iliwapiga wote bao. Watengenezaji wa kadi waliandika kiendeshi cha SCO kwanza, wauzaji wengine wakapata chao kama muda ulibaki.

Jibu la pili lilikuwa hesabu ya kilichomo. Unix ilikuwa ikiuzwa kwa vipande, na vipande vina hila. Kwa SCO Xenix, mfumo wenyewe ulikuwa na bei yake, kifurushi cha kutengenezea programu bei yake, na cha kushughulikia maandishi bei yake. Mtandao wa TCP/IP, ambao leo hakuna anayeufikiria kama kitu cha kununua, ulikuwa nyongeza ya kulipia. Kisha likaja suala la watu: leseni ya watumiaji wawili haikuwa sawa na leseni isiyo na kikomo, ingawa tofauti ndani ya mashine ilikuwa ndogo mno. Mtu aliyeona bei nzuri kwenye tangazo aliweza kulipa zaidi ya maradufu kabla mfumo haujawa na kila alichokihitaji.

La tatu lilikuwa nani atapokea simu ukikwama. Release 4 ilitoka AT&T ikiwa na hitilafu zake, na wauzaji walitofautiana sana katika bidii ya kuzirekebisha. Dell ilisifiwa kwa hilo. Wahandisi wake wa Austin walizisaka hitilafu, wakaongeza zana za bure za mradi wa GNU, wakaufanya usakinishaji uwe wa kuvumilika. Kwa ufundi mtupu, toleo la Dell lilistahili kuwa juu ya orodha.

Halikuokoka. Dell iliifunga kazi hiyo mwaka 1993. Sababu moja ni rahisi kuiona: kampuni iliyoishi kwa kuuza kompyuta zenye DOS na Windows haikuwa na msukumo mkubwa wa kulea mfumo mshindani. Microsoft wakati huo ilikuwa na leseni zilizowatoza watengenezaji ada kwa kila kompyuta iliyotoka kiwandani, iwe imewekwa DOS au haikuwekwa. Aliyeweka Unix alilipa mara mbili. Desturi hiyo ilikomeshwa kwa makubaliano na serikali ya Marekani mwaka 1994, ikiwa imeshafanya kazi yake. Interactive ilikuwa imeshanunuliwa na Sun, iliyotaka njia ya kuifikisha Unix yake, Solaris, kwenye PC. Novell ikainunua Unix yenyewe kutoka AT&T mwaka 1993, na mwaka 1995 ikaikabidhi UnixWare kwa SCO. Toleo la SCO, lililokuwa nyuma kiufundi, ndilo lililobaki limesimama, na si kwa bahati. Mwenye duka la dawa hakununua urefu wa majina ya faili. Alinunua uhakika kwamba printa itachapa.

Pembeni mwa soko hili palikuwa na wakorofi wawili wa kupendeza. Mmoja ni Mark Williams Company ya Chicago, iliyouza Coherent kwa dola 99. Coherent ilifanana na Unix bila kutumia msimbo wa AT&T, jambo ambalo AT&T haikuliamini; ilimtuma Dennis Ritchie mwenyewe kuichunguza, na Ritchie hakuona ushahidi kwamba msimbo ulinakiliwa. Mwingine ni BSDI, iliyouza BSD/386 pamoja na msimbo wake wote kwa dola 995, ikajigamba kwamba hilo ni punguzo la asilimia 99 ukilinganisha na msimbo wa System V. Simu yake ya mauzo ilikuwa na herufi zilizosomeka ITS-UNIX. Tawi la AT&T lililomiliki Unix halikucheka, likaishtaki mwaka 1992. Kesi iliisha mapema mwaka 1994. Kati ya faili zipatazo 18,000 za Berkeley, zilizopaswa kuondolewa zilikuwa tatu.

Miaka miwili ya mahakama ilitosha kumpa nafasi mtu mwingine. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alikuwa amenunua PC ya 386 yenye megabaiti 4 za kumbukumbu, na mwaka 1991 akatangaza kwamba anaandika mfumo wake, kama burudani tu. Baadaye alisema kwamba kama BSD ya 386 ingekuwa tayari wakati ule, huenda Linux isingekuwepo. Kufikia mwaka 1993 Slackware na Debian zilikuwa zimeanza kuifungasha, Red Hat ikafuata. Mtindo ulikuwa ule ule wa akina Dell na Esix: kiini kimoja, wafungashaji wengi, kila mmoja akijitofautisha kwa usakinishaji, viendeshi na msaada. Ila safari hii hapakuwa na mwenye kinu wa kudai ushuru, na yeyote aliyeona kasoro aliruhusiwa kuirekebisha. Ruhusa hiyo ilifika mbali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha mradi wa Kilinux na kutoa programu ya ofisi ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004, hakikuhitaji kumwomba mwenye msimbo idhini ya kutafsiri.

SCO ilijaribu njia nyingine. Biashara yake ya Unix iliuzwa kwa Caldera mwaka 2001, Caldera ikajiita SCO Group, na mwezi Machi 2003 ikaishtaki IBM ikidai dola bilioni moja kwa hoja kwamba Linux imebeba msimbo wa Unix. Kesi hiyo na nyingine zilizoizunguka ziliwatajirisha mawakili. SCO Group iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2007, na mwaka 2010 baraza la mahakama likaamua kwamba hakimiliki za Unix zilizogombaniwa zilikuwa za Novell muda wote. Mabaki ya biashara yaliuzwa mwaka 2011 kwa kampuni ambayo sasa inaitwa Xinuos, inayoendelea kuuza Unix za SCO, OpenServer na UnixWare, kwa wateja ambao mifumo yao bado inategemea programu zilizoandikwa enzi za 386.