Chembe nyeupe za damu katika ufizi

Chembe nyeupe za damu huwamo katika ufizi wakati wote, hata usio na maradhi. Tabaka laini linaloshikamanisha ufizi na shingo ya jino lina upenyo kati ya seli zake, na hapo nyutrofili, aina mojawapo ya chembe hizo, hupita kutoka kwenye mishipa midogo ya damu hadi mdomoni, takriban 30,000 kila dakika kwa makadirio yanayotajwa sana. Hupambana na bakteria wa ukoga, hufa, kisha humezwa pamoja na mate. Anayetafuna majani ya muguka sokoni Ishiara, kaunti ya Embu, hahisi lolote.

Ukoga ukiachwa, mambo hubadilika upesi. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake, nchini Denmark, walitangaza matokeo ya watu 12 wenye fizi nzima walioacha kusugua meno: wote walivimba fizi ndani ya siku 10 hadi 21, na waliporudia mswaki walipona kwa wiki moja hivi. Ndani ya ufizi kama huo nyutrofili huongezeka kwanza, limfositi, aina nyingine ya chembe nyeupe, hufuata kabla ya wiki kwisha, kisha huja seli za plazma zinazotengeneza kingamwili. Vimeng'enya vya chembe hizi huyeyusha pia nyuzi za kolajeni za mwili wenyewe. Usaha unaotoka ufizi ukibonyezwa, kwa sehemu kubwa, ni nyutrofili zilizokufa.

Vitabu vingi huutambua uvimbe huu kwa wekundu. Kwa watu wa Mbeere, huko Embu, kipimo hicho hakitoshi, kwani weusi wa asili wa ufizi huuficha wekundu. Afadhali kuangalia nyuzi za mswaki wa mti asubuhi: zikiwa na damu, ufizi umewaka, hata kama hauumi.

Ng'ambo ya mto Tana, wilayani Machakos, Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji waliwapima watu 1,131 wa miaka 15 hadi 65, wakachapisha matokeo mwaka 1988. Ukoga na ugaga ulikuwa katika karibu kila kinywa, lakini uharibifu mkubwa uliwaangukia wachache, na wengi walikuwa bado na meno yao. Uchafu peke yake, basi, haung'oi jino. Bakteria huwasha moto, ila mfupa unaoshikilia jino huliwa na seli za mwili wenyewe zilizochochewa na ishara za limfositi, na tumbaku au kisukari huzidisha. Mfupa huo haurudi kwa kupiga mswaki, kama zilivyorudi fizi za wale 12.