Nani analipa baba akiugua maini? Kutoka kipoyi hadi pesa ya simu

Familia nyingi za Kivu zinaujua ugonjwa huu kwa macho kabla ya kuujua kwa jina. Macho ya baba yanageuka manjano, miguu inavimba, tumbo linajaa maji huku mikono ikikonda. Jirani wa kwanza anasema ni karuho, sumu ya polepole. Wa pili anataja pombe. Daktari akipatikana, anasema ni sirosi: ini limekakamaa, mara nyingi baada ya miaka mingi ya hepatiti B au C, au kanyanga, au vyote pamoja. Hapo linazuka swali la zamani kuliko hospitali zenyewe: nani atalipa?

Zamani jibu lilikuwa kijiji. Mgonjwa alilazwa juu ya kipoyi, vijana wakapokezana mabegani, kilima baada ya kilima. (Wakoloni nao walibebwa juu ya kipoyi, lakini wao hawakuwa wagonjwa.) Wabebaji hawakudai franka. Aliyebebwa leo alikuwa amebeba wengine jana, au mwanawe angebeba kesho. Deni lilikaa ndani ya ukoo, na mzee alikuwa na haki yake kamili humo.

Kisha yakaja makampuni. Union Minière ya Katanga, iliyoundwa mwaka wa 1906, ilianza kuelekea 1928 kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto, na kuwajengea hospitali. Huku Kivu na Maniema, Kamituga na Kalima zilikuwa na hospitali za kampuni za dhahabu na bati, ambazo mwaka wa 1976 ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Mfanyakazi alichukua bon ya matibabu na mambo yakaenda. Wazee wa Kamituga wanaikumbuka enzi hiyo kwa huzuni, na si bila sababu.

Ila bon ilikuwa na mipaka. Ilimhesabu mfanyakazi, mke na watoto, na sheria ya kazi hadi leo inaendelea na hesabu hiyo. Baba mzazi aliyebaki kijijini hakuwemo. Mtoto mwenye kazi nzuri mjini alitibiwa bure, kisha akatoa mshahara wake kumtibu baba. Hapo ndipo mzigo wa mzazi ulipotoka kwenye mabega ya kijiji ukaangukia mfuko wa mtu mmoja. SOMINKI ilipofungwa mwaka wa 1997, hata mfuko huo ukatoboka.

Dola nayo ilikuwa na mpango wake. Katika miaka ya 1980 nchi iligawanywa katika zone 306 za afya, na makanisa yakapewa kuendesha nyingi kati ya hizo. Mwaka wa 1986, Bwamanda, kaskazini-magharibi mwa nchi, hospitali ilianzisha bima: nyumba nzima ilijiandikisha, wazee kwa watoto, na aliyelazwa alilipa sehemu tu ya fakture. Ni jaribio linalostahili sifa kuliko linavyokumbukwa. Lakini kwingine, baada ya wafadhili kuondoka na uporaji wa Septemba 1991, vituo viliishi kwa pesa ya wagonjwa. Kutoka huko tumerithi desturi ya aibu ya kumzuilia mgonjwa aliyepona, na hata maiti, mpaka deni lilipwe.

Watu wakarudi kwa walichokijua. Likelemba ya akina mama sokoni, kotizasyo ya familia inayoandikwa kwenye daftari, sadaka ya parokia, na mutuelle za afya zilizoenea pande za Bukavu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Sheria ya mutuelle ilipitishwa Februari 2017. Vyote hivi vinasaidia, ila vina udhaifu mmoja: vinafungwa na mahali. Kadi ya mutuelle inatambuliwa na kituo fulani. Likelemba inahitaji watu wanaokutana kila juma. Mkuu wa mtaa anayeweza kuandika hati ya umaskini anakujua kwa sababu umeishi kwake.

Vita ikivuruga mahali, mfuko unavunjika. Baada ya Goma kutekwa Januari 2025, kambi za pembezoni zikaondolewa na mabenki yakafunga milango. Pesa ya ndugu sasa inapita kwenye simu. Mashirika ya misaada yanatibu bure kipindupindu, surua, majeraha ya risasi na utapiamlo wa watoto. Mjukuu anatibiwa, babu wa tumbo la maji, aliyelala kwenye turubai hiyo hiyo, anaandikiwa karatasi ya dawa. Hakuna aliyemchukia. Ni kwamba msaada wa dharura, kama bon ya zamani, haukupangwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo familia zinazookoa pesa ni zile zinazouliza mapema. Vidonge vya kupunguza maji, furosemidi na spironolaktoni, ni dawa za zamani ambazo si za bei ya juu, lakini zinahitaji uangalizi wa mganga. Kupunguza chumvi hakugharimu kitu. Tenofoviri ya hepatiti B ni dawa ile ile inayotumika dhidi ya virusi vya UKIMWI, na inafaa kuuliza kituo kama kinayo. Kutoa maji tumboni kunampa mzee pumzi, ingawa maji hurudi. Afadhali kuuliza bei yake kabla ya kulazwa, na kama kuna mtu wa huduma za jamii hospitalini. Ng'ombe wa mwisho kuuzwa kwa ajili ya mganga wa karuho, hilo limezimaliza nyumba nyingi.

Na kuna wale wanaoketi kuzunguka kitanda. Hepatiti B hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na toka mama kwenda kwa mtoto. Kongo iliiingiza chanjo yake kwenye ratiba ya watoto wachanga mwaka wa 2007, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla hawakuipata. Kipimo cha damu kwa mama na kwa kila mtoto wa mzee kinagharimu kidogo kuliko juma moja la kulazwa, na katika madaftari mengi ya kotizasyo mstari huo haupo.