Vita Havikuiua Hampi. Ulinzi Je?

Kila nikiona watu wakipiga selfi kwenye magofu, mimi hujiuliza: waliokuwa wakiishi hapa walienda wapi? Kwa Hampi, jibu ni kwamba wengine walitolewa juzi tu, mwaka wa 2011.

Hampi ni kijiji kando ya mto Tungabhadra, jimbo la Karnataka, kusini mwa India. Ukiona yale mawe na mashamba ya migomba, huwezi amini hapo palikuwa mji mkuu wa Vijayanagara, dola ya Kihindu iliyoanza karne ya 14. Mwaka wa 1443 mjumbe kutoka Herat, Abd al-Razzaq, alifika akashangaa: lulu na rubi zinauzwa sokoni hadharani, kama sisi na nyanya.

Halafu 1565 ikafika. Masultani wa Deccan waliungana, wakashinda vita vya Talikota, mji ukaporwa. Ikulu ikahamia Penukonda.

Lakini hekalu la Virupaksha halikufa. Ni la mungu Shiva, na ni la zamani kuliko dola yenyewe. Hadi leo watu husali humo, na kila mwaka mahujaji huja kusherehekea harusi ya Virupaksha na Pampa, mungu wa kike ambaye jina la Hampi limetokana naye.

Mbele ya hekalu kuna barabara pana yenye vibanda vya nguzo za mawe. Lilikuwa soko. Baadaye familia ziliingia humo, zikaongeza ukuta hapa, mlango pale, zikawauzia wageni chakula na vitu vidogo vidogo. UNESCO iliorodhesha Hampi kama urithi wa dunia mwaka wa 1986. Julai 2011, matingatinga ya serikali yakabomoa nyumba na maduka hayo. Sababu? Kulinda urithi.

Naelewa hoja yao. Kila mtu akijijengea anavyotaka juu ya nguzo za kale, mwishowe hakuna cha kulinda. Lakini soko bila wachuuzi ni urithi gani jamani? Kama shida ni simenti, si utoe simenti, uweke sheria, na mama muuza chai abaki?

Noti ya rupia 50 ya India ina picha ya gari la mawe la Hampi. Ni maridadi kweli. Ila gari hilo halijawahi kumpa mhujaji hata kikombe cha chai.

Ungekuwa wewe ndiye unaamua, ungefanyaje?